Nati Sita za Gari ya Ewoi

Mshauri mpendwa, salaam aleikum, na kama wewe ni Mkristo basi habari yako. Mimi si mtu wa kuomba msaada, hapa Isiolo watu ndio wananiomba mimi, lakini leo naomba, na nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa shule nilifika darasa la tatu tu, kwa hivyo ukiona herufi imelala usicheke, kalamu si spana.

Mimi ni fundi wa gari hapa mtaa wa Wabera, miaka arobaini na saba kwa kazi hii. Babu yangu aliletwa hapa na vita vya Mwingereza, yeye alijua bunduki, mimi najua spana. Zile lori za Bedford za zamani nilikuwa nazijua kwa kikohozi. Lori inatoka upande wa Archer's Post inakohoa, mimi niko ndani nakunywa chai ya maziwa ya ngamia, namwambia marehemu Halimo, mama ya watoto, hiyo ni nozeli ya tatu, na ikifika ni nozeli ya tatu. Uliza mtu yeyote.

Siku hizo ulikuwa hununui spana boksi nzima kama sabuni. Ulinunua moja, ukafanya kazi miezi, ukanunua ingine. Ya kwanza yangu ilikuwa ya saizi kumi na nne, niliipata kwa wajenzi wa barabara wakihama. Mwalimu wangu, Kalasinga mmoja mwenye gereji, ndiye alinifunza kununua: shika spana na vidole viwili, igonge na jiwe, halafu nyamaza usikilize. Chuma ya kweli inalia kama kengele, inaenda ikipotea polepole. Ya uongo inalia kama sufuria. Hiyo kumi na nne ninayo mpaka leo, na ukiigonga inalia.

Huyo Kalasinga alikuwa na spana ya magurudumu ameichomelea mwenyewe na chuma ya ekseli, ndefu kama mkono wa mtu mzima, na sheria yake ilikuwa hii, kulegeza nati ni kwa mguu, kukaza ni kwa mkono, kwa sababu mguu hauna akili. Na gari ikimalizika lazima yeye azunguke, nati moja moja, akishazunguka hakuna mtu anagusa tena, hata mwenye gari. Alizunguka hivyo miaka yote mpaka siku moja, ilikuwa gari ya misheni, akafika gurudumu ya pili akasimama, akaangalia mkono wake kama anaangalia saa, akanipa ile spana mbele ya watu wote akasema, "Shire, leo zunguka wewe." Mshauri, nilizunguka. Siku hiyo sikula, nilikuwa nimeshiba. Yeye hakuzunguka tena maisha yake, alikuwa anakaa kwa kiti ananitazama, na alipofariki ile spana ilibaki na mimi. Tangu siku hiyo mimi ndio mkono wa mwisho, na hakuna gurudumu ilitoka kwa gari yangu. Nilikuwa nasema hivyo.

Sasa niko na binti, Ikra, kitinda mimba, alisomea makanika chuo. Anajua kazi, hiyo nakubali, lakini usimwambie. Mwaka jana alienda Nairobi kule Grogan kwa maduka ya spea, na pesa yake mwenyewe akanunua mashine ya nati ya betri na spana ya kipimo.

"Aabo, shika uone," akaniambia, Aabo kwetu ni baba.

Nikachukua jiwe nikaigonga. Ikasema pu. "Hii ni plastiki. Haina sauti."

"Inayo," akasema, akabonyeza, ikapiga trrrrr, jogoo wa jirani akaruka ukuta.

"Hiyo ni bunduki! Babu yangu alirudisha yake kwa serikali, wewe unaniletea ingine?"

"Hii ni ya kufungua na kurudisha haraka tu, Aabo. Kukaza yenyewe ni hii ya kipimo. Unaiwekea namba ya gari, ikifika inalia tak, unaacha. Haizidishi, haipunguzi."

"Namba yangu iko hapa," nikamwonyesha bega.

Akacheka. "Bega linazeeka, Aabo. Namba haizeeki."

Hiyo maneno sikuisahau. Na ni kweli tangu Ramadhani ya juzi vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, lakini sikumwambia mtu.

Sasa sikiliza. Miezi miwili imepita, Jumanne, Ewoi alileta Land Cruiser yake, ile inabeba mizigo na abiria kwenda Kulamawe, breki ya mbele kushoto ilikuwa inalia. Alituachia gari akavuka barabara kula. Ikra akatengeneza, akarudisha gurudumu, nati sita, na mimi nilisikia tak mara sita. Ikaadhiniwa adhuhuri. Nikamwambia nenda uswali, mimi nitamaliza. Akasema, "Imeisha hiyo, Aabo." Nikasema haijaisha mpaka nizunguke. Akaniangalia nimeshika ile spana ya Kalasinga, akaingia nyumbani kuswali.

Nikabaki na hiyo gurudumu. Nikaona hizi nati zimekazwa na namba, hakuna mkono wa mtu ndani, nikaona si sawa. Nikakanyaga spana nikazilegeza zote sita, halafu nikaanza kukaza upya na mkono, bismillahi. Ya kwanza na ya pili zilikuwa nzuri. Ya tatu vidole vikateleza. Ya nne bega likatetemeka. Ya tano na ya sita, mshauri, sijui. Nilizungusha mpaka spana ikasimama nikajiambia inatosha, ni mkono wangu, inatosha. Nikaenda nyuma ya nyumba kutawadha. Ewoi akarudi kutoka kula, akachukua gari akaenda.

Karibu na Kulamawe, yeye mwenyewe anasimulia, aliona gurudumu inampita upande wa kushoto ikikimbia peke yake, akamwambia Mama Istahil aliyekaa hapo mbele, "Angalia, mtu amepoteza gurudumu." Halafu gari ikainama. Hakuna mtu alikufa, alhamdulillahi. Mama Istahil alivunjika mkono. Ni mama wa biashara, anakaa Bulla Pesa, mkono ndio duka yake.

Ewoi alirudi amejaa vumbi mpaka kope. Akaniuliza mbele ya kibanda cha chai hapa kando ya gereji, watu wamejaa, "Mzee, hii gari ulizunguka?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Mimi nilikuwa msikitini." Ikra alikuwa amesimama hapo. Aliniangalia. Akaangalia ile spana ya Kalasinga kwa ukuta wa gereji. Halafu akasema, "Basi ni mimi, Ewoi. Nisamehe."

Tangu hiyo siku watu wanasema ni bunduki ya msichana. Wanaleta gari wanasema, "Mzee, fanya wewe, si yule." Na siwezi kukudanganya, siku mbili za kwanza nilifurahi. Lakini mashine ameirudisha kwa boksi, iko chini ya kitanda. Kila Ijumaa anaenda Bulla Pesa kumchotea Mama Istahil maji na kumfulia, anarudi jioni ananipikia mimi anjera, na mimi nakula. Sasa amesema mwisho wa mwezi anauza zile spana zote, kuna mtu Meru anazitaka, halafu anaenda kuuza nguo kwa duka ya shangazi yake, hatashika gari tena.

Gereji imenyamaza, mshauri. Nagonga kumi na nne yangu nasikiliza peke yangu. Naomba unifunze maneno ya kumfanya arudie kazi, lakini bila mimi kutaja ile ya msikiti, kwa sababu mzee kama mimi akisema hiyo atabaki na nini? Na jina yangu usiandike, ingawa ukisema tu fundi mkubwa wa Wabera watu watajua.

Ni mimi, Shire, fundi.

*

Mzee wangu, aleikum salaam. Majina yote nimeyabadilisha, lako pia, na mwandiko wako haujalala hata kidogo. Kilicholala ni kitu kingine.

Nakupa pole kwanza, na pole yangu ni ya kweli. Mtu aliyejua ugonjwa wa lori kwa kikohozi chake, kisha siku moja vidole vyake vikakataa kumwambia kama nati imekaza, huyo amefiwa. Hakuna anayekuja kumhani, kwa sababu hajamwambia mtu. Ulikuwa na msiba ukauficha. Mpaka hapo sikulaumu.

Lakini unaniomba maneno ya kumrudisha binti kazini bila kusema ukweli. Sina. Na hata ningekuwa nayo yasingefaa, kwa sababu Ikra anajua.

Soma tena barua yako mwenyewe. Alipoingia kuswali alikuacha umeshika spana, umeshamwambia lazima uzunguke. Ulipomwambia Ewoi ulikuwa msikitini, yeye alikuwa amesimama pale pale, na macho yake yakaenda kwako, kisha kwa spana ukutani. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika hivyo! Alijua kabla Ewoi hajafunga mdomo. Alisikia tak mara sita kama ulivyosikia wewe. Hakusema "ni mimi" kwa kuwa aliamini. Alisema ili baba yake asivuliwe nguo mbele ya kibanda cha chai. Miezi miwili sasa anakufunika, kila Ijumaa anamfulia Mama Istahil nguo kwa kosa lako, na bado anakupikia anjera. Anangoja. Naona sasa amechoka kungoja. Hazikimbii zile spana, mzee. Anaukimbia ukimya wako.

Unauliza utabaki na nini. Nami nakuuliza, sasa hivi una nini? Mwalimu wako alikufundisha kugonga chuma na kusikiliza. Mtu naye hugongwa. Ewoi alikugonga kwa swali moja, ukalia kama sufuria. Hilo ndilo linalokunyima usingizi, wala si gurudumu. Gurudumu ni ajali ya mkono mgonjwa na kichwa kigumu. Msikiti ulikuwa uongo.

Basi fanya hivi, na usibishane nami. Leo, kabla hujala chakula chake, mwite Ikra umwambie nati zote sita ulizilegeza wewe. Usimweleze habari za Bedford kwanza. Sema hilo, unyamaze. Akilia mwache alie, na akikasirika ana haki. Kesho nenda naye kwa Mama Istahil, umwombe radhi wewe, na gharama za ule mkono uzibebe wewe mpaka upone. Kisha nenda pale pale kibandani, saa ile ile watu wamejaa, umwite Ewoi useme kwa sauti uliyotumia siku ile. Uongo ulisemwa hadharani, ukweli nao usemwe hadharani. Gazeti hili litafika Isiolo Jumamosi. Jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumatano, maana umesema mwenyewe kwamba watu watakujua hata bila jina. Afadhali wakusikie kabla ya kukusoma.

Vidole hivyo vipeleke kwa daktari. Ganzi ya zaidi ya mwaka si uzee peke yake, na huenda kuna dawa.

Sasa kazi. Ile sheria ya mwalimu wako ni nzuri, usiitupe: gari isitoke bila mkono wa mwisho, na mkono huo ukishapita mtu asiguse. Kosa lako ni kudhani mkono huo ni lazima uwe wako. Mashine ifungue na kurudisha, spana ya kipimo ikaze, na kila dereva aambiwe arudi nati zikaguliwe baada ya kilomita hamsini. Spana ya Kalasinga ibaki ukutani, ishuke kwa kulegeza tu, kwa mguu, kama ilivyokuwa desturi. Mwambie Ikra akufundishe kusoma hizo namba. Darasa la tatu linatosha kabisa.

Jambo la mwisho. Umeniandikia habari za mwalimu wako kwa majivuno, lakini naona hukusikia alichokufundisha siku ile ya gari ya misheni. Yeye naye mkono ulimkataa, kwenye gurudumu la pili. Hakukaza akajiambia inatosha. Alisimama, akautazama, akakupa spana mbele ya watu wote, na heshima yake haikupungua hata chembe, kwani mpaka leo, miaka yote hii, wewe bado unaisimulia.

Gari ya kwanza itakayoingia gereji yako baada ya hayo yote, Ikra akirudisha gurudumu, kaa kwenye kiti. Mpe ile spana ya kipimo kwa mkono wako wa kulia, huo huo wenye ganzi, watu wakiona, umwambie maneno ambayo wewe uliyangojea miaka:

"Ikra, leo zunguka wewe."