Nusu ya Kitabu Kabatini

Ciku mjukuu wangu,

Huku Dagoretti Corner tu wazima, Mungu ni mwema. Mamako amepona mafua. Mjomba wako naye amehamia Loresho, na siku hizi anaongea polepole kama tajiri.

Umeuliza kwa nini nimetunza nusu ya kitabu kabatini, na ukasema utanitumia kizima kutoka huko Kanada. Acha nikueleze.

Nikiwa na miaka kumi na minne, mimi na rafiki yangu Akinyi tulisoma vitabu vyote vya hadithi ya binti mmoja aliyefuga joka. Kile cha mwisho tulikipata River Road, kwa muuzaji wa vitabu kuukuu. Shule zilikuwa zinafungwa na hakuna aliyekubali kungoja, basi tukakikata katikati kwa wembe na kupiga kura. Mimi nikapata mwanzo, Akinyi mwisho. Tungebadilishana shule zikifunguliwa. Zilipofunguliwa, kina Akinyi walikuwa wameshahamia Kisumu.

Tangu hapo nimekiona kitabu hicho kikiuzwa mara nyingi. Sikuwahi kukifungua. Niliona ni kama kuisoma nusu ya Akinyi bila yeye kuwepo.

Juzi simu ikalia. Ni Akinyi; alikuwa amepata namba yangu kwa watu wa kanisa. Hakunisalimu hata.

"Wambui! Hebu niambie, yule binti wa joka aliingiaje jela?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Anakuja Jumamosi na nusu yake. Kwa hivyo usitume kitabu, Ciku. Tuma miwani ya kusomea: moja yangu, moja ya Akinyi.

Shosho wako,
Wambui