Faneli Uliyoiacha Imegeuka

Baba,

Mama bado anamimina chai vikombe viwili. Akishamimina ndipo anakumbuka, na kwa hasira anavinywa vyote yeye. Arobaini yako imepita, hitima imesomwa, majirani wa Rwezamenyo wamerudi madukani kwao, na mimi nimerudi kwenye karakana yetu Gikondo. Mafundi kila wakiniona wananiambia wihangane, ile pole ya huku kwetu. Navumilia, Baba, lakini nimekukasirikia pia. Mdomo wangu unaujua.

Mchoro wa kihenge cha mahindi cha wale wakulima wa koperative niliukuta kwenye kompyuta yako, vilevile ulivyouacha siku tuliyokupeleka hospitali. Hesabu ulishamaliza. Fundi Juma akawa ananisimamia mlangoni kila asubuhi: "Dada, bati iko tayari, mchoro iko wapi?" Mavuno yanakaribia, na kilichobaki kilikuwa neno langu tu, kwamba wakate.

Unakumbuka nilivyotoka chuoni na kichwa kikubwa? Nikachukua ukuta wa tangi, bati jembamba vile, kwenye kompyuta nikaujaza vitofali vidogo vidogo vya hesabu unene mzima, ikahema mchana kutwa. Ulicheka mpaka ukakohoa. Nyumbani ukanivuta jikoni, ukainua manda moja ya sambusa za Mama. "Upana unauona. Unene je? Kitu chembamba hakijazwi matofali. Chukua uso wa katikati, ugawe vipande bapa kama gamba, unene uitajie kompyuta kwa namba tu." Halafu ukaikunja. "Ila gamba lina tumbo la ndani na mgongo wa nje. Usipoangalia, mzigo utasukuma upande usiotaka." Mama akakupokonya manda yake, akasema tukafundishane kwa magazeti.

Ndiyo maana kabla ya kila hesabu ulipaza sauti ofisi nzima: "Mgongo uko wapi?" Nami lazima nipake rangi umbo lote kwenye skrini, nje bluu, ndani kahawia, nikujibu, "Uko nje, Baba." Swali hilo lilinichosha, wallahi. Leo ningetoa chochote nilisikie.

Basi nikapaka rangi, kwa mazoea tu, maana kazi ilikuwa yako. Ukuta wote bluu. Chini, kwenye faneli ya kushushia mahindi, nikaona upande mmoja wa kahawia. Umegeuka. Pale mahindi yalikuwa yanaisukuma faneli kuelekea ndani badala ya nje, na kompyuta haikulalamika, ilitoa majibu mazuri kabisa.

Nililia, Baba, na si kwa sababu ya kosa. Wewe hukuwahi kusahau mgongo hata siku moja. Ndipo nilipojua ulikuwa unaumwa kiasi gani ulipokaa kwenye kiti hicho, huku ukituambia ni mafua.

Siku kadhaa sikuugusa. Kuugeuza ni kubofya tu, lakini pale ndipo mkono wako ulipopita mwisho, nikaona kama nakufuta. Juma alipokuja kuuliza nikamfokea bure, maskini, na baadaye nikamwomba radhi. Kisha nikawafikiria wale wanakoperative watakaosimama chini ya faneli hiyo na magunia yao. Ungesikia ninachelewesha jambo kama hilo kwa ajili yako, ungenifukuza karakana.

Nikaugeuza. Pale ukuta unapokutana na faneli pakawaka wekundu wa hatari. Nikaweka pete ya chuma kuzunguka kiungo, nikahesabu upya, pakatulia. Juma anakata bati sasa hivi, namsikia ninapoandika. Hakuuliza kitu kuhusu ile pete, nami sikumwambia.

Nakala yako nimeihifadhi pembeni na rangi yake ya kahawia. Hakuna bati litakalokatwa kwa mchoro ule. Nitaifungua siku hamu yako ikinizidi, niangalie mahali ulipochoka.

Mama anakusalimu, ingawa anasema hataki kuongea na wewe kwanza. Nitamkalia karibu, usiwe na wasiwasi. Kile kikombe cha pili nimeanza kukinywa mimi.

Pumzika, baba yangu. Mungu akunyooshee mgongo ulale vizuri. Na kila umbo nitakalolichora nitaliuliza kwanza, kwa sauti, mgongo uko wapi, hata kama ofisini hakuna wa kunijibu.

Binti yako mbishi