Jina la Somoe Kwenye Kadi

Pugu, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na hao waliokaa barazani wakisubiri kusikia habari za Dar, wasalimie wote, kisha waambie waende makwao. Dada Rukia, wewe unayesoma, shikamoo na wewe. Msomee mama ndani, taratibu, na usiruke mstari hata kama utatamani kuruka. Ningepiga simu, lakini kila nikipiga naishia kuuliza habari za korosho, kama nilivyofanya majuzi. Kwa hiyo nimeandika, na bahasha nitampa konda wa basi la Newala mkononi kwake.

Goti linaendeleaje, mama? Rukia aliniambia siku hizi unasali umekaa kitini. Usijilazimishe kuinama, Mungu anaelewa. Mie mwili ni mzima, bado natengeneza milango na vitanda palepale karakana ya hapa nyumbani. Mwanahawa mkwe wako ni mzima, ingawa haongei na mie vizuri. Zuhura naye ni mzima, anakula, anacheza. Ila habari ya Zuhura ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Bila shaka huko nako zimefika habari za bima ya afya kwa wote, kwamba kila kaya lazima ijiandikishe, utake usitake. Hapa mjumbe wetu alituita uwanja wa shule kutuelezea. Unanijua mwanao nilivyo mbishi. Nikasimama nikasema: "Serikali ikinilazimisha kufunga mkanda kwenye gari, sawa, barabara ni ya wote. Lakini mwili huu nimezaliwa nao kwa mama yangu. Kwa nini ninunue ugonjwa ambao sijauona?" Watu wakanipigia makofi, mama, nikajiona mbunge.

Akasimama jirani yangu Mwalimu Lameck, mtu wa Mbeya, mpole, lakini akifungua mdomo unatamani ungekaa kimya. Akasema: "Fundi Saidi, msumeno ulipokula kidole chako, bakuli la mchango lilipita nyumba ngapi? Kuna aliyetuuliza kama tunapenda? Na sisi tulilazimishwa, sema tulilazimishwa na aibu. Sasa hiyo lazima ya serikali imekuuma nini?" Watu wakampigia makofi na yeye. Watu wa mtaa huu hawana msimamo kabisa.

Lakini sababu yangu ya kweli sikuisema pale. Wewe unaijua, maana ulinifundisha mwenyewe. Mwanahawa alipokuwa na mimba ya Somoe ulitukataza kununua hata kofia ya mtoto. Ulisema ukimwandalia mtu ambaye hajafika, wengine wanasikia, wanakuja wao. Basi mie nikaona bima ndiyo hiyohiyo. Unautandikia ugonjwa kitanda, unauandikia na jina la mtoto wako uje kumtafuta, na juu yake unalipa. Kuniandika mie na Mwanahawa, haya, sisi tumeshakomaa. Lakini jina la Zuhura kuliweka kwenye orodha ya wagonjwa watarajiwa, mie? Thubutu!

Binti mwandikishaji alinikuta karakana, Mwanahawa akiwa gengeni kwake. Mtoto wa watu mstaarabu, amejifunga mtandio, ana kishikwambi mkononi. Akakaa kwenye benchi la kurandia mbao, akauliza, "Baba, wategemezi wangapi?" Nikasema mmoja. Akaomba cheti cha kuzaliwa. Nikaingia ndani, nikafungua lile sanduku la bati ulilonipa nilipooa.

Mama, vyeti vyote viwili vilikuwemo. Cha Zuhura juu, cha Somoe chini. Kifo cha Somoe hatukwenda kukiandikisha popote, unakumbuka, nani alikuwa na akili ya karatasi siku zile. Nikakitazama cha Zuhura, mkono ukagoma. Nikachukua cha chini. Nikajiambia, sheria inataka mtoto, nitaipa mtoto. Na huo ugonjwa ukija na karatasi yake kumtafuta Somoe, utamkuta wapi? Nilijiona mjanja, mama. Wallahi nilicheka peke yangu mle ndani.

Binti akapiga picha cheti, akataka na sura ya mtoto. Nikampa ile ya kwenye simu, Somoe ana miaka sita, amevaa gauni la Idi. Akauliza, "Yeye mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia, "Yupo kwa bibi yake." Sikusema uongo. Yupo kwako, nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho. Binti akasema, "Mungu amtunze," nikaitikia amina.

Kadi zikatoka. Nikazificha kwenye sanduku la bisibisi, Mwanahawa asione. Siku zikapita, nikasahau.

Ikafika Jumatatu moja, saa nne asubuhi, jua kali, narandia mlango wa mteja wa Goba. Simu ikalia ujumbe. Nikausoma mara tatu: mtegemezi wangu Somoe amepokelewa zahanati na kupatiwa huduma, nashukuriwa kwa kutumia bima. Zuhura alikuwa pale mbele yangu, anajaza maranda kwenye kopo. Nikamwambia asiondoke, nikafunga karakana, nikamshika mkono mpaka kwa mama yake gengeni, mie nikashika njia ya zahanati.

Pale dirishani yupo dada mmoja mnene, mcheshi, anatafuna karanga. Nikamwambia ujumbe umekosewa, mtoto wangu hajaja hapa. Akatazama kwenye kompyuta, akasema, "Mbona kaja, baba? Nilimpokea mwenyewe asubuhi. Homa, kapimwa, malaria, kapewa dawa mseto ya siku tatu. Katoto kapole, kana gauni la njano." Nikamuuliza kaletwa na nani. Akasema, "Na bibi yake. Bibi wa Kimakonde, ana chale usoni, anachechemea mguu huu." Akanionyesha kwa mkono, mguu wa kushoto.

Mama, najua hujawahi kukanyaga Pugu. Siku hiyohiyo ndiyo niliyokupigia nikakuuliza korosho. Ulinijibu upo jikoni, nikasikia na kuku wako nyuma. Lakini naomba unijibu hili kwa barua na siyo kwa simu: Jumatatu ile asubuhi ulikuwa wapi kabla sijakupigia? Ulilala? Uliota nini? Na gauni la njano la Idi, alilovuliwa siku ya kuoshwa, lilitolewa sadaka au lipo kwako? Mie sikumbuki. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kinauma.

Sikumwambia mtu. Nikajidanganya kwamba yule dada amechanganya wagonjwa, wazee wenye chale wapo wengi Dar hii, watu wa kusini tumejaa. Jumanne hivyohivyo, Jumatano hivyohivyo. Alhamisi mchana Mwanahawa akapiga kelele kutoka chumbani, nikaacha randa ikaanguka. Zuhura alikuwa amekakamaa, macho juu, meno yamebana. Degedege, mama. Kama alivyokuwa mwenzake.

Hapo ubishi wangu wote ukayeyuka. Mwanahawa analia hatuna bima ya mtoto, maana nilimwambia mtoto nimemwacha. Nikafungua sanduku la bisibisi mbele yake, nikatoa ile kadi. Akasoma jina. Alinitazama tu, na mpaka leo ananitazama vile.

Dirishani yuleyule dada akaangalia picha kwenye kompyuta, akamwangalia Zuhura begani kwangu. Unajua walivyogawana uso wale watoto. Akasema, "Ndiye. Pole mwanangu, umerudi? Ila kadi inasema miaka tisa, mbona kadogo?" Nikajibu, "Alichelewa kukua." Kwa mdomo wangu mwenyewe, mama. Nikamsikia Mwanahawa nyuma yangu anasema astaghafirullah.

Tukakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Daktari akatoka mlangoni, akaita, "Somoe Saidi!" Zuhura alikuwa hajiwezi, shingo imelegea, hajaongea tangu nyumbani. Akainua kichwa, akaitika, "Abee." Siyo "naam" kama anavyoitika siku zote na kugombezwa na mama yake. Abee, kwa adabu, kama wewe ulivyomfundisha yule mwingine.

Wakampima. Daktari akasema malaria ipo lakini inakwisha. "Mmefanya vizuri kuwahi dawa Jumatatu," akasema. "Mtoto ameshamaliza dozi, mwili ndio unamalizana na homa. Asingekuwa amemeza ile mseto, leo hii tungekuwa tunaongea mengine." Mwanahawa akamwambia hatujampa mtoto dawa yoyote. Daktari akatabasamu kama anavyotabasamu mtu akiona mzazi amechanganyikiwa, akamwambia, "Bibi yake ndiye aliyempa, mama. Mshukuruni."

Basi mtoto akapona. Siku mbili, tatu, anacheza. Lakini mama, nikimwita Zuhura anakawia. Anafikiri kwanza, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Mwanahawa siku moja alikuwa anaongea na dada yake kwa simu, akalitaja jina la Somoe kwa sauti ya chini kabisa, na mtoto akaitika kutoka uani. Juzi alikataa shuka, akasema anataka ile kanga yenye picha ya mabibo ya korosho, ambayo bibi anamfunikaga. Kanga hiyo haijawahi kufika Dar. Zuhura alifika kwako mara moja tu, akiwa wa kunyonya. Mie ndiye niliyeinunua hukohuko Newala, namfungia Somoe mzigo wa kuja kukaa kwako, tulipokuwa tunakuja kuhangaikia chumba cha kwanza huku mjini.

Nilirudi kwa yule binti mwandikishaji, nikakiri. Alishika mdomo. Akasema jina la Zuhura linaingizwa tu, siyo shida. Ishu ni kuliondoa la Somoe. Ili aondolewe inatakiwa cheti cha kifo, na cheti kinaanzia kwa mtendaji wa kijiji alikozikwa, na wewe ndiye shahidi, maana ulikuwepo. Bila hivyo serikali inamhesabu Somoe yu hai, na kila mwaka nitamlipia.

Mwanahawa anataka karatasi hiyo leo kabla ya kesho. Anasema, "Namtaka Zuhura wangu mzima, jina na mwili." Haki yake. Lakini mie naogopa, mama, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kwa kalamu yangu nilimwandika aliyekufa kuwa hai, na ona yaliyotokea. Sasa nikiandika kwamba Somoe amekufa, wakati kuna mtoto nyumbani mwangu anaitika Somoe, nitakuwa namwandika nani?

Na kuna lingine ambalo sijawahi kulisema. Siku zile Somoe anaumwa ulinipigia, ukaniambia anauliza, "Baba anakuja lini kunichukua niende Dar?" Nikakwambia mpe panadoli, asubiri, nitakuja mwisho wa mwezi, homa za watoto zinapita. Hukunilaumu hata mara moja. Ungenilaumu ningepumua. Mwalimu Lameck akiniuliza leo kama serikali ina haki ya kumlazimisha mtu, nitamwambia akawaulize wengine. Ninachojua, hakuna aliyenilazimisha kumwahi yule, na sikumwahi.

Kwa hiyo naomba, mama. Kabla hujaenda kwa mtendaji, nenda kwanza kwenye mikorosho. Beba unga wa mtama, uumwage kaburini kama ulivyofanya kwa marehemu baba, na ukimaliza umsomee dua. Mwambie Somoe kosa ni la baba yake, siyo la mdogo wake. Mwambie tunamshukuru kwa dawa. Mwambie baba anaomba radhi, na kwamba nitakuja mwenyewe, safari hii kweli, kabla ya mvua. Halafu umwombe aage, amwachie mwenzake jina lake. Akishaaga, ndipo uende ukaweke dole gumba kwenye karatasi, na Rukia aitume kwa basi.

Nisalimie mjomba, umwambie kitanda chake kimekwisha, natafuta usafiri. Nisalimie shangazi, yule aliyemwosha Somoe. Yeye atakumbuka habari ya gauni, umuulize kwa niaba yangu. Wasalimie watoto wote wa Rukia, na mumewe kama amesharudi kutoka Masasi. Mwanahawa anasema shikamoo mama.

Nilikuwa nimeshafunga barua hapa. Zuhura amekuja kusimama karibu na meza, ananuka maranda, ananishika bega. Ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia bibi. Akaitazama karatasi kitambo, na kusoma hajui bado, akasema:

"Mwambie asiningojee, baba. Mwambie nilishafika."

Mwanao akupendaye,
Saidi