Miguu Myepesi ya Masanja

Rumonge, Jumapili. Mwezi wa nane tangu tutoke Urambo. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na kuni zote tulizokatia meli ya Wajerumani zimelowa.

Nimechoka.

Leo nyapara alikuja kibandani kwetu. "Ule mwepesi wa miguu iko wapi? Kuna barua za Usumbura."

Alimtaka Masanja, ndugu wa mke wangu. Kambi nzima humwita hivyo. Miezi ya kwanza alikuwa akikimbia na barua mpaka Usumbura, na siku ya tatu tunamsikia anarudi, anaimba.

Sifa hiyo aliipata utotoni. Mwalimu wetu wa misheni, Mwingereza, alimwona akimkimbiza mbuzi, akasema kwa lugha yake: fleet-footed. Akatueleza kwamba husemwa hivyo mtu au mnyama ambaye miguu yake haimlemei, kama swala. Mtumbwi, hata uende mbio vipi, hausemwi hivyo. Hakutueleza kama sifa hiyo humtoka mtu.

Masanja ana malale.

Tezi zimemvimba shingoni. Anasinzia na tonge mkononi. Miguu anaiburuta. Kila siku namkalisha nyuma ya michikichi, shoka mapajani, nakata fungu langu na lake. Nyapara akijua atampeleka kwa daktari, na daktari atampeleka kambi ya wagonjwa. Katika waliochukuliwa hapa, sijamwona aliyerudi. Wanasema sindano wanazochomwa huko zinapofusha.

Labda zingemponya. Labda mimi ndiye ninayemuua kwa kumficha. Mke wangu aliniambia nimrudishe ndugu yake, hakuniambia nifanye nini akiugua.

"Ameteguka mguu, bwana," nilimwambia nyapara. "Nitakwenda mimi."

"Wewe? Kobe wewe! Barua zitaota uyoga njiani!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. "Basi nipe zile zisizo na haraka."

Akanitupia mkoba, akaenda zake. Hakuchungulia ndani.

Mama mmoja wa kijiji cha Kizuka, anayekamua mawese hapa jirani, nimemwomba amlishe Masanja, na amwamshe kila nyapara akipita. Nilimweleza kila kitu. Alinitazama kidogo, akasema, "Ego," ndiyo ya Kirundi. Basi.

Jioni nilimwambia Masanja kwamba naondoka alfajiri kwa njia ya Muhuta, na nitarudi Ijumaa. Nilidhani hanisikii. Akafumbua macho.

"Ijumaa, shemeji? Mimi ningekuwa hapa Jumatano."

Alilala kabla sijamjibu.

Sijawahi kuwa na mbio, hata utotoni. Nitakimbia palipo tambarare, penye mlima nitatembea, na usingizi wangu nitaupunguza.

Nitarudi Ijumaa, jua halijachwa.