Amplifaya ya Hedifoni za Gaudensi

Sumbawanga,
14 Novemba 1993

Mpendwa mdogo wangu Wilibrodi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, mvua zimeanza na mahindi tumepanda. Mama mkwe anasumbuliwa na magoti tu. Wewe na Redempta je, hapo Dar es Salaam? Watoto wamezoea joto?

Nina shida moja. Shemeji yako Gaudensi aliacha kaseti ya mazoezi ya kwaya, yeye mwenyewe akifundisha. Tangu tumzike mwezi wa sita, mama mkwe amekataza sauti yake isisikike ndani ya nyumba mpaka tuondoe msiba, mwakani baada ya mavuno. Ndivyo walivyozoea kwao, na mimi siwezi kubishana na mama aliyezika mwanawe. Nilimwuliza kama naweza kusikiliza kwa hedifoni. Akafikiri sana, akasema, "Mradi isitoke nje."

Zile hedifoni kubwa nyeusi unazikumbuka, alizoachiwa na padri. Zinafunika sikio lote, na ngozi yake bado imebonyea kwa umbo la masikio ya Gaudensi. Lakini nikizichomeka kwenye redio kaseti, namsikia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Fundi wa sokoni anasema zinataka amplifaya yake. Zimeandikwa 600. Huku haipatikani. Huko kwenu sasa kila kitu ruksa, naomba unitafutie.

Maneno yake nayakumbuka yote, Wilibrodi. Sauti ndiyo imeanza kunipotea.

Dada yako,
Epifania


Dar es Salaam,
5 Desemba 1993

Dada, shikamoo.

Barua imefika. Joto linatuchemsha lakini tunakula na kulala. Mpe pole mama kwa magoti.

Sasa dada, amplifaya ya nini? Kariakoo hedifoni mpya zimemwagwa mpaka barabarani, nyepesi kama ganda la kitunguu. Nimekununulia. Zinakuja kwa basi, uzichukue dukani kwa Muhidin. Hizi hazitaki amplifaya. Zile za shemeji zitundike ukutani ziwe kumbukumbu.

Mdogo wako,
Wilibrodi


Sumbawanga,
2 Januari 1994

Mdogo wangu,

Mwaka mpya uwakute salama wote. Asante kwa hedifoni. Zinasikika vizuri, ila zinasikika na nje pia.

Nilikaa jikoni, mama mkwe akiwa sebuleni anachambua maharage. Gaudensi hajamaliza hata kuwasalimu wanakwaya, namwona mama mlangoni. Ungo umemponyoka, maharage yametapakaa sakafuni. "Huyo ni mwanangu," akasema. Kisha akarudi kuketi, na siku ile hakula.

Nimezifungia kabatini. Ndiyo maana nataka zile kubwa, zinaziba. Naomba amplifaya kama nilivyosema.

Dada yako,
Epifania


Dar es Salaam,
25 Januari 1994

Dada, shikamoo.

Pole sana, na mpe mama pole yangu. Hatujambo, mtoto mdogo tu ana mafua.

Sasa umepata amplifaya hasa. Ulisema hedifoni zimeandikwa 600, nami nikatafuta yenye nguvu kuliko zote nilizoweza kuinua. Muuzaji anasema inatosha harusi na inabaki. Hii ikishindwa, basi tena.

Mdogo wako,
Wilibrodi


Sumbawanga,
20 Februari 1994

Mdogo wangu,

Natumaini mtoto amepona. Huku ni matope. Basi lilikwama njiani, mzigo wako ukafika umelowa. Tuliutoa kwa Muhidin kwa toroli. Akaniuliza mbele ya wateja, "Dada, unafungua baa?" Watu walicheka, na mimi nikacheka nisionekane nina kiburi.

Nilingoja umeme mpaka jioni. Nilipochomeka hedifoni, ikanguruma kama mashine ya kusaga. Nikipunguza mngurumo, na Gaudensi anapungua. Nikiongeza, masikio yanauma. Nikaogopa itaziunguza, nikachomoa. Sasa imekaa pale sebuleni, mama mkwe anaiwekea kikombe cha chai.

Niliomba ya masikio mawili, Wilibrodi, siyo ya harusi. Barua zangu huwa unazimaliza?

Dada yako,
Epifania


Dar es Salaam,
8 Machi 1994

Dada, shikamoo.

Nazimaliza. Nazisoma nikitoka kazini, miguu imevimba. Nimezunguka maduka mpaka wauzaji wananitania: yule wa hedifoni huyo anakuja.

Nikuambie kweli. Hayo mabakuli ya masikioni yamezeeka. Yatupe. Imebaki miezi michache, ngoja mavuno usikilize kwa spika kama watu wengine. Shemeji hatatoroka ndani ya kaseti.

Wilibrodi


Dar es Salaam,
17 Aprili 1994

Dada yangu, shikamoo, kama utaniitikia.

Pasaka imepita bila barua yako. Nimemwuliza dereva wa basi, akasema amekuona sokoni, u mzima. Nikashukuru, nikaona na aibu.

Nilimwambia Redempta nilichokuandikia. Akaondoa sahani yangu kabla sijashiba. Akauliza, "Marehemu mama yako alikuwa na sauti ya namna gani?" Nikafungua mdomo nimwigizie. Dada, hakikutoka kitu.

Kesho yake nilichukua barua yako ya kwanza nikampelekea Maulida, mama anayeuza vipuri vya redio. Aliniuliza hedifoni zenyewe zikoje, jambo ambalo sikuwahi kukuuliza. Akasema ile 600 siyo nguvu zinazotaka, ni ukaidi wa waya wake. "Ni kama kupandisha maji mlimani. Siyo lazima yawe mengi, lazima yasukumwe." Mimi nilikuletea mafuriko.

Ameniuzia amplifaya, kisanduku kidogo kama kopo la majani ya chai. Kinatumia betri, usingoje umeme. Alikijaribu mbele yangu kwa hedifoni za 600. Nisamehe.

Mdogo wako,
Wilibrodi


Sumbawanga,
13 Mei 1994

Mdogo wangu Wilibrodi,

Marahaba. Mshukuru sana Redempta, na mwambie akurudishie sahani yako.

Kisanduku kilifika Jumatatu. Nilichomeka mchana, nikiwa nimekaa karibu na mama mkwe makusudi. Sauti ilikuja yote. Hata anavyovuta pumzi kabla ya kuanzisha wimbo, nilikuwa nimesahau kwamba anavuta kwa pua. Anawaambia waimbaji wa sauti ya kwanza, "Ninyi mnaimba kama mnafukuza ngedere shambani." Nikacheka peke yangu.

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema nini?"

"Mama, si umekataza?"

"Nimekataza ndani ya nyumba. Kichwa changu ni nyumba?"

Nikamvisha.

Leo Ijumaa. Anazivua akila na akilala tu. Kaseti ikiisha ananinyooshea kidole niigeuze. Mara anamwambia, "Usiwaseme hivyo, baba, watoto wa watu hao." Mara anaimba naye, nje ya wimbo. Nimekaa hapa pembeni yake nakuandikia. Nimemwomba zamu yangu mara mbili. Hanisikii.

Dada yako,
Epifania