Ndege Yenye Ulikata Mabawa

Papa,

Leo nasema. Maman ameenda soko ya Kadutu, nyumba iko kimya, na nimefungua cahier yangu ya masomo. Nikiacha katikati sitaanza tena.

Ulikuwa unanichekaga: mutoto mwanamuke gani huyu, anapenda magari kuliko masufuria! Lakini ni wewe ulinianzisha. Ulinionyesha gari la mugomba, lile mulichezaga kwenu Walungu zamani, kabla watu wajue ndege. Kisha ulinitengenezea camion, lori ya bati za maziwa, na magurudumu ya kiatu cha mupira. Siku moja ndege ikapita juu ya ziwa ikienda kutua Kamembe, nikalia nataka na yangu. Ukasema, "Nyamaza, nitakutengenezea ndege ya muzungu." Uliikata mabawa na yale makasi unakatiaga maua kwa patron wako, yule muzungu ulimufanyiaga kazi kule Muhumba.

Kesho yake niko ku robinet nachota maji, polisi ananiuliza, "We mutoto, ndege ya muzungu iko kwenu?" Nikajivuna, Mungu wangu! Nilikuwa na miaka kumi. Nikajibu, "Ndiyo, iko chini ya kitanda. Papa amekwisha kuikata mabawa."

Kumbe alikuwa anatafuta kasuku ya patron wako.

Walikuja watatu, wakapindua kitanda, wakatoa ndege ya bati. Polisi akaona tumemuchekelea. Akaikanyaga, akakupiga kofi mbele yetu, akakupeleka. Siku kumi na ine umefungwa mu cachot! Na kasuku ilipatikana palepale mu muti wa avoka wa patron, inapiga miluzi. Hakuna mutu alikuja kukuambia pole.

Ulipotoka uliuliza neno moja tu: "Nani alisema?" Nilikuwa nimesimama pale na sahani ya bugali mukononi. Maman akasema alimuona Papa Zihalirwa akisalimiana na polisi. Basi, ikaisha. Jirani yako, mwenye mulikunywaga naye kasiksi, pombe ya ndizi, kila dimanche kisha misa, ukamufungia mulango. Miaka tatu, Papa! Ulipougua kifua alikuletea maziwa, ukageukia ukuta. Na mimi niliangalia. Nina hasira sana, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Siku ya kukuzika, kaburi alichimba yeye. Mvua ilinyesha, vijana wakataka kumupokea jembe, akakataa.

Sasa hivi namuona kwa dirisha. Siku hizi watoto wote wa avenue wanacheza ndege, na yeye ameketi mbele ya mulango anamutengenezea mujukuu wake. Bati inamushinda, anaipindisha mabawa vibaya. Ungeona ungecheka. Mara kwa mara anaangalia huku kwetu, na mimi najificha nyuma ya pazia.

Maman akisikia atanikasirikia, maana jina lilitoka mu kinywa chake. Akasirike.

Lala, Papa, upumuzike. Nakuahidi sitangoja Maman arudi. Nikimaliza mustari huu, navuka njia na ndege yetu mukononi. Bawa lenye polisi alikanyaga lingali limepinda, nitamuomba alinyooshe. Akinifukuza, kesho nitarudi.

Uliuliza nani alisema.

Ni mimi, mutoto wako.