Gráinne Amemwacha Mumewe Jukwaani

Dympna, nimempiga mume wangu Fachtna. Kwa kasia. Mbele ya parokia nzima.

Unaijua ile sehemu ya igizo. Gráinne, haramia wa ghuba yetu, ametimiza mwaka wa ndoa ya majaribio, anajifungia ngomeni na kumwambia mumewe kutoka dirishani, “Nimekuacha.” Mume anainamisha kichwa, anaondoka. Basi.

Mimi ndiye Gráinne, na huyu wangu, aliyeigiza mume, hakuondoka. Akanitazama vile anavyonitazama tukiwa jikoni. Akaupiga teke mlango wa ngome tulioupaka rangi Jumapili.

“Rudia, malaya wewe. Rudia nikusikie vizuri.”

Na watu wanapiga makofi, Dympna. Wanapiga makofi. Padri Colm anacheka hadi machozi.

Mlango ukavunjika, akanikaba koo. Maneno ya igizo yote yakanitoka kichwani. Nilichokuwa nacho ni kasia la Gráinne. Nikamtwanga nalo usoni, meno yakaruka. Alipoanguka nikamtwanga tena.

Halafu nikarudia, si alitaka nirudie? “Nimekuacha.”

Ukumbi mzima ukasimama kunishangilia.

Sasa niko kwenye nyumba aliyoniachia mama, mlango nimeukomea. Gari la Fachtna hilo linaingia uani. Njoo na kaka zako.

Kasia ninalo.